Kitufe cha "ongeza spidi ya intaneti": kipime hivi kabla hujakiamini kama mimi

Mi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kufunga wai-fai za watu, na bado niliingia mkenge. Usiku mmoja kuna faili nalidanlodi, linajikokota we, nikakutana na ukurasa una kitufe kikubwa cha kijani, BOFYA HAPA INTANETI IWE NA KASI MARA 10. Nikabofya. Mstari ukaanza kujaa, "inatafuta seva... inasafisha laini...", ukafika asilimia 87 ukakwama, na hapo ndo waliponimaliza, maana akilini mwangu kitu cha uongo kingeteleza tu mpaka 100 lakini hiki kilikuwa kinahangaika kama kina kazi kweli. Baadaye ukajaa. Hongera!

Mbaya zaidi nikapima. Danlodi ilikuwa inasoma 2.5, nikafungua saiti ya kupima spidi ikasoma 20. Nikasema loh, mara 8, si haba, nikawatumia linki washkaji wote. Kesho yake ndo nashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa nakuta maandishi madogo ya kijivu, huu ni utani tu jamani. Sasa ile 20 niliyoiona kwa macho yangu ilitoka wapi? Ntafika huko.

Hatua ya 1: kata mtandao, halafu bofya

Hii ndo naipenda kuliko zote. Fungua ukurasa, subiri upakie wote, kisha zima wai-fai na data, na kama uko kwenye kompyuta yenye kebo ya mtandao ichomoe. Sasa bofya kitufe. Ukiona mstari unajaa vilevile na unakuambia "imeunganishwa na seva" wakati huna mtandao hata wa dawa, ushajua unaangalia katuni. Ndani yake ni vijistari vichache vya JavaScript (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa), kila baada ya muda kidogo ongeza namba, ikifika 87 subiri, endelea, andika hongera. Ule wa kwangu niliurudia mara tatu bila mtandao na mara zote tatu ukakwama palepale kwenye 87, yaani nilicheka peke yangu.

Ila angalia, ukurasa ukigoma bila mtandao haimaanishi ni wa kweli, labda unataka tu kuvuta matangazo.

Hatua ya 2: jiulize ule ukurasa unashika nini

Spidi yako kwanza inapangwa na kampuni inayokuuzia intaneti, kwenye mitambo yao, kulingana na kifurushi ulicholipia. Baada ya hapo ni rauta na wai-fai yako. Ukurasa wa kawaida uko ndani ya brauza, brauza imeufungia humo kwa makusudi usiguse guse vitu vyako, sasa utatokaje uende kubadilisha kifurushi chako huko kampuni? Ni ndugu wa ule utani wa "danlodi RAM ya ziada", na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta) ni kifaa, kinachomekwa kwa mkono.

Tarehe nayo icheki. Tarehe 1 Aprili 2007, siku ya wajinga, Google walitangaza kwa utani intaneti ya bure nyumbani, waya unaupitisha chooni, unafuata bomba la majitaka. Waliweka maelezo ya kuifunga na kila kitu.

Hatua ya 3: pima kabla na baada, kwa kipimo KILEKILE

Hapa ndo nilipoanguka mimi. Saiti za kupima spidi zinasoma megabiti kwa sekunde, zinaandika Mbps, b ndogo. Brauza ikidanlodi faili inasoma megabaiti, MB, B kubwa. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 2.5 ya danlodi zidisha mara 8 unapata 20, kitu kilekile kabisa, hakuna kilichoongezeka hata punje, nilikuwa natangazia watu hesabu ya darasa la tatu.

Pima mara tatu kabla, mara tatu baada, saiti moja, umekaa palepale, na hakikisha hakuna mtu mwingine anavuta video. Namba huwa zinapanda na kushuka zenyewe, ukipima mara moja moja utaona muujiza usiokuwepo. Na kamwe usitumie kipimo kilichomo ndani ya huohuo ukurasa wa utani, hicho namba anaitunga aliyekuuzia kitufe.

Hatua ya 4: kama ulibofya zaidi ya kitufe

Utani mtupu haudhuru, unaaibisha tu. Shida ni wale wanaoiga utani huo wakataka kitu kwako. Uliruhusu arifa? Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa, uitoe hiyo saiti. Uliongeza kiendelezi au uliinstoli programu, futa, kisha skani kwa antivairasi. Uliweka paswedi, ibadilishe sasa hivi, na kama ni namba ya kadi piga simu benki kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hatua ya 5: spidi yenyewe sasa

Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo upime. Kwa kebo iko poa ila kwa wai-fai inasuasua? Basi tatizo ni wai-fai yako: isogeze rauta, itoe kwenye kona, na kama ina masafa mawili ya wai-fai, ukiwa karibu nayo tumia 5 GHz, ukiwa mbali 2.4 GHz inapenya kuta vizuri zaidi. Kama hata kwa kebo ni mbovu, zima rauta uwashe, ikibaki hivyohivyo wapigie kampuni. Kubadilisha DNS (huduma inayogeuza jina la saiti kuwa anwani ya namba) kunaweza kufanya kurasa zianze kufunguka haraka kidogo, faili kubwa litashuka kwa mwendo uleule.

Ya kwangu ilikuwa imefichwa kabatini nyuma ya TV, mimi mwenyewe niliiweka huko eti isionekane. Nikaitoa nikaiweka juu ya kabati, danlodi ikasoma 4 na kitu, MB, B kubwa, niliangalia mara mbili, na safari hii sikumtumia mtu linki yoyote.