Kuku kwanza, mbegu baadaye

Majira ya kuchipua yakianza, usikimbilie jembe. Wafungulie kuku waingie kwenye matuta yaliyolala msimu wa baridi. Watachakura kuliko reki yoyote: mabuu, mayai ya konokono, mbegu za magugu zilizo juu juu, vyote vinaliwa. Subiri tu udongo ukauke kidogo, maana ukiwa umelowa wataukanyaga hadi ushikamane kama tofali. Siku tatu nne zinatosha. Minyoo ya ardhini nayo wanaila, hilo halina dawa, ndiyo maana mimi siwaachi wiki nzima.

Siku ya kupanda, watoke wote. Kuku hatofautishi mche na gugu, na tuta lililotifuliwa kwake ni bafu la vumbi. Wavu wa mita 1.5 huwazuia wengi. Kwa wale wepesi wa kuruka, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu. Ukikata yote mawili bado wanabaki na mizani sawa ya kurukia.

Kinyesi kibichi ndicho cha kuangalia sana. Kina naitrojeni kali inayounguza mizizi, na huweza kubeba salmonela, bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kuhara. Cha bandani kichanganye na majani makavu, kioze kabisa kabla ya kukitumia. Tuta walilochakura mimi hulipanda mahindi. Saladi na karoti huzipeleka kwingine, kwa sababu kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo.