Daftari la wahusika: nani ni nani, na nani anajua nini

Wengi tukianza kupanga riwaya tunajaza kurasa kwa maumbile: huyu mrefu, yule ana mwanya, mwingine anapenda chai ya tangawizi. Sawa, lakini ukifika sura ya kumi si mwanya utakaokupoteza. Utapotezwa na majina, udugu, umri na siri. Kabla ya kuhamia Mtwara mjini nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, na daftari la riwaya ninayoiandika sasa nimelipiga mistari kama lile la kupokelea korosho: nani, katoka kwa nani, lini, na anadai nini.

Nunua kaunta buku nene na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Simu inafaa kwa kuandikia riwaya yenyewe. Kwa wahusika nataka kurasa mbili zilizofunguka mbele yangu niwaone wote kwa mpigo.

Kila mhusika apate ukurasa wake. Juu orodhesha majina yake yote, na mbele ya kila jina andika ni nani anayemwita hivyo na tangu lini. Usiliruke hili, hasa kama hadithi yako ni ya huku kusini. Vijijini kijana akitoka jandoni huchukua jina jipya, la utotoni likabaki huko. Mhusika wangu mmoja alizaliwa Sijali. Akatoka jandoni Ismaili. Shuleni ni Ismaili Bakari. Wenzake wa bandarini wanamwita Winchi, jirani wanamwita Baba Somoe, na watoto wa dada yake wanamwita Mjomba. Majina sita, mtu mmoja. Yakishakaa kwenye daftari yanaanza kukufanyia kazi: bibi kizee akimwita Sijali mbele ya wageni, msomaji anajua huyu bibi amemfahamu tangu akiwa mtoto, nawe hukuhitaji kueleza.

Halafu kuna masomo, yaani watu wenye jina moja. Mjukuu anapewa jina la babu yake, na shangazi zake wanamwita "babu" kwa mapenzi. Ndani ya riwaya huo ni utamu, ndani ya mpango ni balaa. Kwenye daftari langu yupo Bakari A na Bakari B. Herufi hizo hazitoki nje ya daftari.

Udugu uchore, usiueleze kwa sentensi. Mimi naanza na bibi, si babu, kwa sababu ukoo wa Wamakonde, kama wa Wamakua na Wamwera, unafuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwenye ndoa na mali. Ukiuchora mti wa ukoo kwa baba peke yake, siku ya posa utajikuta hujui umkalishe nani kwenye mkeka. Kwenye mti huohuo weka mishale ya shikamoo: nani anampa nani. Ikiwa sura ya pili Hadija amempa Zuhura shikamoo, sura ya tisa Zuhura hawezi kuwa mdogo wake bila sababu. Wasomaji wetu wanaikamata hiyo haraka kuliko kosa la tarehe.

Jambo jingine linatokana na lugha yenyewe. Soma hii: "Alimwambia kwamba mama yake ameondoka." Nani kamwambia nani? Mama wa yupi? Mwanamume au mwanamke? Kitenzi hakikusaidii, kwa hiyo majina lazima yabebe mzigo. Ukurasa wa mwisho wa daftari andika herufi kutoka A hadi Z zikishuka, kila mhusika umweke kwenye herufi yake. Utashangaa M ilivyofurika: Mohamedi, Musa, Mwajuma, Mariamu, Mwanahamisi. Usiwaweke wawili wa herufi moja katika tukio moja, na kamwe usiwe na Hamisi, Hamadi na Hemedi katika nyumba moja, hata kama nyumba za namna hiyo zipo, na zipo.

Sasa umri. Chora jedwali: miaka juu, watu pembeni, na katika kila chumba andika miaka ya mtu na mahali alipokuwa. Miaka ya juu ichague kwa matukio yaliyowagusa watu wako. Yangu ina 1954, Bakari A akiwa na miaka 24 na kibarua kwenye reli iliyoletwa na mpango wa karanga wa Nachingwea; 1961, Uhuru; 1974, Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, Ismaili ana miaka 22; 2003, mwaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji. Huo wa mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani. Somoe akisafiri kutoka Dar es Salaam mwaka 1998, lazima asubiri pantoni pale Rufiji, na mtu anayesubiri pantoni anakutana na watu. Angalia pia vitu: mkulima wa mwaka 1965 hapulizii salfa, dawa ya ukungu, mikorosho yake, na mnada wa stakabadhi ghalani, korosho zikiwekwa ghalani kwa risiti mpaka ziuzwe, haumhusu mtu wa mwaka 1985, maana mfumo huo ulianza Mtwara msimu wa 2007/2008. Wala usimwokoteshe mtu korosho mwezi wa nne.

Jedwali la pili ndilo ninalolipenda. Sura zinakwenda juu, watu pembeni, na kila chumba kinajibu swali moja: kufikia hapa anajua nini? Ismaili ameuza mikorosho ya ukoo kwa siri. Hadija anaambiwa sura ya 4. Mjomba mkubwa anahisi sura ya 6, anathibitisha ya 7. Somoe hajui mpaka ya 11, kwa hiyo kila anapomtetea baba yake kati ya 4 na 11, Hadija aliyeketi pembeni lazima anyamaze kwa namna fulani. Andika pia nani kamwambia nani, maana siri hairuki hewani. Mhusika ambaye safu yake imebaki tupu mwanzo hadi mwisho, hajui kitu wala hafichi kitu, muunganishe na mwingine au mvue jina. Dereva wa bodaboda abaki dereva wa bodaboda.

Maumbile? Mistari miwili chini ya ukurasa yanatosha, pamoja na kiapo chake: yupi husema "haki ya Mungu", yupi "wallahi", yupi haapi kabisa.

Ukibadilisha jambo katikati ya kuandika, likate kwa kalamu nyekundu, usilifute. La zamani utalitafuta tena. Na ukibadilisha jina, anza daftarini, ndipo uende kwenye maandishi, ukipita sehemu moja moja. Usiiamuru kompyuta ibadilishe yote kwa mpigo, hasa kama jina ni Ali na umeamua awe Juma. Swali litakuwa swJuma, na kila aliyelala usiku ule atakuwa Jumayelala.