Kutoka Uingereza kwenda Kanada: neno ni lile lile, maana siyo

Mtu anayefika Kanada bila Kiingereza huuliza kila kitu. Neno halijui, anauliza, anaelezwa, anaondoka salama. Anayeumia ni yule aliyekaa Uingereza miaka kadhaa, au aliyebeba Kiingereza cha shule zetu, ambacho kimezaliwa na kile cha Uingereza. Huyu neno analijua tangu darasa la tatu, kwa hiyo haulizi. Anatia saini, anaitikia kwa kichwa, na baadaye anagundua kwamba alichokubali siyo alichosikia.

Ndugu wa nyumbani hawatusaidii hapa. "Wewe umeshakaa London, Kanada ni mteremko." Wanasema kwa mapenzi, lakini, shangazi na wajomba zetu, naomba msimpe kijana ushauri huo. Visa, tiketi na koti la baridi mwenyewe atavimudu. Asichokimudu ni neno analodhani anaelewa.

Kazini: sifa ndiyo inayodanganya

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwa bosi. Mwingereza husifu kwa kupunguza. Akisema "not bad", furahi, umefanya vizuri sana. Akisema "quite good", kuna kitu hakijamridhisha. "You might want to look at this again" siyo pendekezo, ni agizo, na anataka limalizwe leo. Ukikaa naye miaka mitatu unajifunza kwamba sifa kubwa ni adimu, na ukiipata ina uzito.

Sasa vuka Atlantiki na kipimo hicho hicho. Mkanada huanza na sifa: "great job", "awesome", "I really appreciate this". Kwake hiyo ni salamu ya kufungulia mazungumzo, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani kabla ya kusema lililotuleta. Ujumbe wenyewe unafuata kwa sauti ya chini: "I'm just wondering if...", "maybe next time...", "going forward...". Mgeni kutoka Uingereza hupokea sifa kwa uzito wa Kiingereza na onyo kwa uzito wa porojo. Anatoka ofisini akitabasamu.

Narudia kwa sababu hapa ndipo kazi zinapopotea: kinachofuata baada ya "just" au "maybe" ndicho bosi alichokuitia. Usisubiri ukali. Kwetu mkubwa akikasirika jengo zima linajua. Mkanada atabaki mpole mpaka siku ya barua. Na barua inaweza kuja mapema: Ontario, kwa kiwango cha chini cha sheria ya ajira ya mkoa, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 3 anaweza kuachishwa bila notisi wala malipo ya notisi.

Dawa yake ni ndogo. Baada ya kila kikao na bosi, siku hiyo hiyo, mwandikie barua pepe ya mistari mitatu: ulichoelewa kinatakiwa kurekebishwa, tarehe ya mwisho, na jinsi kazi itakavyoonekana ikikamilika. Mwombe asahihishe ulipokosea. Mkanada anayeona haya kukuambia ana kwa ana husahihisha maandishi bila shida. Naye akikutumia barua inayoanza "as discussed", isome mara mbili, maana hapo anaweka kumbukumbu.

Upande wa pili wa mtego ni mdomo wako mwenyewe. Unyenyekevu wa kwetu ukichanganywa na ule wa Kiingereza, mtu anaingia kwenye usaili anasema "I'm not too bad at accounts". London wanaelewa kwamba unajua kazi. Calgary wanaandika kwamba hujiamini. Taja ulichofanya kwa tarakimu: vitabu vya matawi mangapi, kwa muda gani. Na waraka unaopeleka huko huitwa "resume", ukurasa mmoja au miwili, bila picha, bila umri, bila hali ya ndoa. "CV" huachiwa zaidi wahadhiri na watafiti.

Tarehe

Uingereza, kama kwetu, 04/07 ni tarehe 4 Julai. Kanada kuna namna tatu zinazotembea pamoja. Serikali huanza na mwaka, mwezi, kisha siku. Makampuni mengi yameiga Marekani, mwezi mbele, hivyo 04/07 ni tarehe 7 Aprili. Wengine bado wanafuata ya Kiingereza. Hatari iko katika siku 12 za kwanza za kila mwezi, kwa sababu kuanzia tarehe 13 kosa linajionyesha lenyewe.

Kwa hiyo jina la mwezi liandike kwa herufi kila unapojaza kwa mkono wako: kwenye mkataba wa nyumba, miadi ya hospitali, fomu ya shule. Kila unapojaza. Ukipokea tarehe ya tarakimu tupu, uliza kabla hujaitikia. Kwenye hundi tazama herufi ndogo chini ya visanduku vya tarehe. D ni siku, M mwezi, Y mwaka, na kila hundi hufuata mpangilio ulioandikwa hapo. Kwenye vyakula mwezi huandikwa kwa herufi mbili zinazofaa Kiingereza na Kifaransa: MR ni Machi, MA ni Mei, AL ni Aprili, AU ni Agosti. Watu wametupa maziwa mazuri kwa kudhani MA ni Machi.

Nyumba

Tangazo linasema "plus hydro". Unajiambia hydro ni maji, bili ya maji ni ndogo, unatia saini. Ontario, Quebec, Manitoba na British Columbia, "hydro" ni umeme. Jina limetokana na umeme wa maporomoko ya maji; Ontario iliunda tume yake ya umeme wa maji mwaka 1906, na neno likabaki mdomoni hata pale umeme unapotoka kwenye nyuklia. Kama nyumba inapashwa joto kwa vipasha vya umeme vya ukutani, bili ya Januari si ya utani. Uliza maswali mawili: joto analipa nani, na linatoka kwenye gesi au umeme? Kisha omba kuona bili ya majira ya baridi yaliyopita. Anayekataa kuionyesha ameshakujibu.

Amana nayo ina mtego wake. England umezoea kutoa amana isiyozidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Kwa mazoea hayo, ukiombwa "damage deposit" Toronto utaitoa bila kufikiri. Ontario haimruhusu mwenye nyumba kuchukua amana ya uharibifu. Anachoweza kuomba ni kodi ya mwezi wa mwisho, na amana ndogo ya funguo inayorudishwa. Quebec hairuhusu kudai amana kabisa. British Columbia ni nusu ya kodi ya mwezi, Alberta isizidi kodi ya mwezi mmoja. Kila mkoa una sheria yake; ushauri wa rafiki wa Edmonton usiutumie Ottawa.

Mengine kwa haraka. "First floor" Uingereza ni juu ya ngazi, Kanada mara nyingi ni chini kabisa, jambo zito kama unampeleka mama mwenye magoti mabovu. "Bachelor" ni chumba kimoja chenye jiko, hata kama una mke. Montreal nyumba huitwa 3½ au 4½: hesabu vyumba vyote pamoja na sebule na jiko, nusu ni bafu. Kodi ya manispaa unayolipa kama mpangaji Uingereza, Kanada huilipa mwenye nyumba. Ila bei dukani haina kodi ya mauzo ndani yake: kwa bidhaa nyingi ongeza 13% Ontario, 5% Alberta.

Sorry

Sisi tuna pole na tuna samahani. Moja ni huruma, nyingine ni kukiri kosa. Kiingereza kimezifungia zote katika neno moja, na sisi tumelibeba kama pole: mwenzako akijikwaa unasema "sorry". Mwingereza hushangaa na kuuliza umemfanyia nini. Mkanada hashangai, yeye mwenyewe husema "sorry" ukimkanyaga. British Columbia ilipitisha sheria ya kuomba radhi mwaka 2006, Ontario ikafuata mwaka 2009: katika mashauri ya madai, kuomba radhi hakuchukuliwi kuwa kukiri kosa. England na Wales nako kuna kifungu cha aina hiyo tangu 2006. Lakini ulinzi huo wa Kanada hauzuii kesi ya jinai, na kuomba radhi ni tofauti na kusimulia. Gari likigongana, mpe mwenzako pole, halafu nyamaza; jinsi ilivyotokea iache kwa polisi na bima.

Watoto na vyeti

Kanuni ya mtaani ni kwamba "Year" ya England toa moja upate "Grade" ya Kanada: Year 7 ni Grade 6. Ni kweli kwa wengi, siyo kwa wote. England hukata umri tarehe 1 Septemba, Ontario hufuata mwaka wa kalenda. Mtoto aliyezaliwa kati ya Septemba na Desemba hubaki na namba ile ile: Year 6 anaingia Grade 6. Alikuwa miongoni mwa wakubwa wa darasa, sasa ni miongoni mwa wadogo. Zungumza na mwalimu kabla ya wiki ya kwanza, hasa kwa hesabu.

"Public school" ni shule ya serikali, haina ada. Uingereza neno hilo mara nyingi ni shule ya matajiri. "College" siyo kidato cha tano na sita, ni chuo cha stashahada na ufundi. Na alama: Uingereza 70 ni daraja la kwanza, na vyuo vyetu vingi huanza A hapo hapo, lakini kwenye vyuo vingi vya Kanada 70 ni B hafifu. Ambatisha ukurasa wa viwango vya alama wa chuo chako kila unapopeleka matokeo.

Kuhusu mtihani wa lugha, ukiomba ukaazi wa kudumu kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa wahamiaji wenye ujuzi, na ukachagua kufanya IELTS, inatakiwa ya General Training, siyo Academic, na matokeo hudumu miaka 2.

Dawa

Panadol yetu, paracetamol ya Uingereza, Kanada inaandikwa acetaminophen, jina la dukani Tylenol. Ni dawa moja. Aliyebeba pakiti kutoka Birmingham akaongeza ya Winnipeg anakunywa mara mbili, na dawa nyingi za mafua zinayo ndani. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Zaidi ya hapo ini linaweza kuharibika. "Surgery" Uingereza ni zahanati ya daktari wako, Kanada ni kupasuliwa. Dharura ni 911, siyo 999.

Jinsi wanavyoishi na watu

Mwingereza anakupima kwa lafudhi: ulisoma wapi, baba yako alikuwa nani. Mkanada hana haja na lafudhi yako kiasi hicho, na hilo linapumzisha moyo. Lakini anaogopa kuonekana mkali kuliko anavyoogopa kukosea, na kwa maoni yangu uoga huo unawaumiza wageni kuliko ukali wa wazi. "We should get coffee" siyo mwaliko mpaka itajwe siku. Ukialikwa kwa "potluck" nenda na chakula, na viatu vua mlangoni kama kwetu.

Usimwite Mwamerika, kama ambavyo hukumwita Mskoti Mwingereza. Wenyeji wa asili ni First Nations, Inuit na Métis. Majina ya zamani ya vitabu vya shule yaache. "Asian" Uingereza ni Mhindi au Mpakistani, Kanada watu hufikiria kwanza Mchina au Mkorea. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura, kwa Kifaransa, Quebec wanasema "déjeuner, dîner, souper" (mlo wa asubuhi, mchana, jioni) kama nyinyi, lakini "septante" (sabini) na "nonante" (tisini) hawatumii.

"Pants" ni suruali, usione haya. "Pavement" ni lami ya magari. Mtoto mwambie "sidewalk". "Smart" ni mwenye akili, siyo aliyevaa vizuri, na mwanamke usimwite "homely" hata kama unamsifu kwa ukarimu, maana umemwambia hana sura. Choo ni "washroom". Oveni ni Farenhaiti: 350 yao ni kama 180 yetu.

Na kwenye vikao vya vyama vyetu vyenye wanachama wa nchi zote mbili kuna neno "table". Kwa Mwingereza ni kuileta hoja mezani ijadiliwe. Kanada, nje ya Bunge, wengine huelewa kuiweka kando. Kabla ya kura, mwenyekiti aseme kwa Kiswahili: tunaijadili leo, au tunaiahirisha? Katibu aandike jibu hilo hilo kwenye muhtasari.