Kuuza kitu cha kale cha pembe za ndovu nchini Uingereza: sheria inataka nini

Anayeishi Uingereza na kuachiwa na wazee wake bangili ya pembe, seti ya sataranji au piano ya zamani, mara nyingi huamini kwamba kitu kilichotimiza miaka mia hakiguswi tena na sheria. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake, kwa sababu hapo awali vitu vilivyochongwa kabla ya mwaka 1947 viliweza kuuzwa huko bila kibali. Tangu tarehe 6 Juni 2022, siku Sheria ya Pembe za Ndovu ya mwaka 2018 ilipoanza kutumika, utaratibu umegeuka: biashara ya kitu chochote chenye pembe za ndovu ni marufuku, kiwe kipya au cha kale, isipokuwa kinapoingia katika mojawapo ya misamaha michache iliyotajwa na sheria yenyewe. Kabla hujamtafuta mnunuzi, basi, tafuta msamaha. Ukiukosa, kitu hicho hakiuzwi.

Kukimiliki si kosa, wala kukirithi, wala kumpa ndugu yako zawadi bila malipo. Kinachokatazwa ni kununua, kuuza, kukodisha, kuweka kitu kwa nia ya kukiuza, na hata kutangaza tu kwamba kinauzwa, kiasi kwamba ujumbe mfupi wenye picha na bei uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp unatosha kukuingiza hatiani. Kubadilishana kwa kitu kingine chenye thamani nako kunahesabiwa kuwa mauzo. Sheria haimpi mtu binafsi nafuu yoyote juu ya mwenye duka: adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5 au faini isiyo na kikomo, na mamlaka zinaweza kutoza faini ya kiutawala ya hadi pauni 250,000 bila kesi ya jinai.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba ulichonacho ni pembe za ndovu kweli. Angalia sehemu iliyokatwa kwa upana, kwa mfano kitako cha kinyago au ncha ya mpini: pembe halisi ya ndovu huonyesha mistari iliyopinda inayokatana kama nyavu, mfupa huwa na vitundu au vidoa vidogo vyeusi, na plastiki huwa ama haina mistari, ama ina mistari iliyonyooka kwa usawa usio wa kawaida. Usijaribu kuchoma kwa sindano ya moto, kwani utaharibu kitu na hutapata ushahidi wa kumridhisha mtu yeyote. Ukibaki na shaka, mpelekee mtaalamu wa vitu vya kale.

Misamaha inayowahusu zaidi watu binafsi ni miwili. Wa kwanza ni wa ala za muziki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1975 ambazo pembe haifiki asilimia 20 ya ujazo wake. Piano nyingi za zamani zinaingia hapa bila taabu, kwa sababu kila kibonyezo cheupe kimefunikwa kwa kigamba chembamba tu, mara nyingi cha vipande viwili, na ukiinama karibu utauona mstari mwembamba vinapokutana. Wa pili ni wa vitu vya kabla ya mwaka 1947 ambavyo pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo, kwa sharti kwamba pembe hiyo ni sehemu ya kitu chenyewe na haiwezi kuondolewa bila shida au bila kukiharibu. Mfano mzuri ni birika la fedha lenye vipande vidogo vya pembe kati ya mkono na mwili wake, vilivyowekwa ili joto lisifike kwenye vidole vya anayemimina chai. Kumbuka kwamba kinachopimwa ni ujazo na si uzito. Fedha ni nzito, na anayepima kwa mizani atapata jibu la uongo.

Picha ndogo za watu zilizochorwa juu ya pembe kabla ya mwaka 1918 zina msamaha wake, mradi eneo la pembe lisizidi sentimita za mraba 320, na makumbusho yanayotambuliwa yanaruhusiwa kununua. Bangili, vinyago na sataranji za pembe tupu ndivyo vinavyowavunja watu moyo, maana nje ya makumbusho hayo vimebakiwa na mlango mmoja mwembamba: viwe vya kabla ya mwaka 1918 na viwe na thamani ya kipekee ya kisanaa, kiutamaduni au kihistoria. Maombi ya cheti cha msamaha huo hugharimu pauni 250 na hupitiwa na wataalamu wa taasisi zilizoteuliwa. Kwa maoni yangu, bangili ya kawaida ya bibi haifai kuombewa. Ibaki katika familia.

Ukali huu naona ni wa haki. Katika karne ya 19 pembe zilitolewa bara kwa mabega ya wapagazi na watumwa, zikapita Bagamoyo na Unguja kuelekea London, Bombay na Marekani, na soko lililobaki wazi kwa vitu vya kale lilikuwa mahali pazuri pa kuficha pembe za ndovu waliouawa juzi.

Ukishaona kwamba kitu chako kinaingia katika msamaha, kusanya ushahidi wa umri wake: risiti, barua za familia, picha zenye tarehe, namba ya piano ambayo kwa kawaida huonyesha mwaka wa kutengenezwa, au maelezo ya maandishi ya mtaalamu. Kisha kisajili mtandaoni kupitia huduma ya serikali inayosimamiwa na APHA, wakala wa serikali wa afya ya wanyama na mimea, ukiambatanisha picha na maelezo ya jinsi kinavyotimiza masharti. Ada ya kitu kimoja ni pauni 20. Usajili ni tamko lako mwenyewe, na usitangaze chochote kabla haujakamilika. Mnunuzi akitaka kukiuza baadaye, atalazimika kukisajili upya kwa jina lake. Mweleze hilo mapema.

Tangu tarehe 28 Januari 2025 sheria hiyohiyo inahusu pia meno ya kiboko na ya aina kadhaa za nyangumi, kwa hiyo kinyago ulichodhani kimepona kwa sababu si cha ndovu kichunguze tena.

Usajili wa Uingereza hauvuki mpaka. Kukitoa kitu nchini kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na usithubutu kukitia kwenye sanduku ukielekea nyumbani. Tanzania pembe ni nyara za Serikali, Kenya ilifunga biashara hiyo mwaka 1978, na katika nchi zote mbili kukutwa nazo bila kibali kunatosha kukufikisha mahakamani.