Kupiga Picha za Machweo kwenye Barabara za Vumbi, Mombasa

Watu wengi wakitaka picha ya jua likizama hukimbilia ufukweni. Lakini Nyali na Bamburi bahari iko mashariki, kwa hiyo huko ni kwa alfajiri. Machweo yetu yako bara: Mwakirunge, Utange kwa ndani, au ukipanda hadi Mazeras ukakata kulia kuelekea Rabai na Kaloleni. Ukiacha lami tu, unapata udongo, minazi, mikorosho na vilima vinavyopishana.

1. Chagua barabara mchana. Fungua dira ya simu uone inaelekea wapi. Ikienda magharibi, jua litakaa mwisho wake, na hiyo ndiyo picha ambayo kila mtu anayo. Mimi napenda zaidi inayokwenda kaskazini na kusini: mwanga unaipiga ubavuni, na kila alama ya gurudumu inapata kivuli chake. Jua nalo linahama. Desemba huzama limesogea kusini, Juni limesogea kaskazini, hivyo mnazi ulioupanga vizuri mwezi huu utahitaji kuupanga upya baadaye.

2. Fika mapema. Mapema Novemba jua huzama karibu saa 12:15 jioni. Februari hukaribia 12:45. Ukipita barabara ya Nairobi, hesabu na foleni ya malori. Huku karibu na ikweta jua hushuka wima, halisubiri mtu. Nyoosha mkono, pima kwa vidole kati ya jua na upeo wa macho: vidole vinne ni kama nusu saa.

3. Panga kamera. ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, kamera kwenye stendi. Pima mwanga wa anga kando ya jua, usipime ardhi. Ardhi ikiwa nyeusi kidogo si tatizo, lakini anga ikishaungua, yaani ikawa nyeupe tupu, hairudi. Mizani ya rangi (white balance) weka kwenye alama ya wingu, maana ukiiacha otomatiki kamera huipunguza ile rangi ya chungwa. Kwa simu, gusa anga, shikilia mpaka ijifunge, kisha buruta chini kupunguza mwanga. Na tafadhali, usilitazame jua kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Macho hayana spea.

4. Chuchumaa, ngojea vumbi. Shusha kamera usawa wa goti ili michirizi ya magurudumu ianzie miguuni pako. Kisha subiri bodaboda. Ikishapita usipige papo hapo. Acha vumbi lipande, lianze kutawanyika. Likiwa kati yako na jua, miale inayopenya minazini inaonekana mmoja mmoja, na majani yaliyo nyuma yanafifia kwa tabaka. Hali hiyo haidumu, kwa hiyo fokasi iwe tayari. Msimu wa mvua badala ya vumbi utapata madimbwi: lisogelee dimbwi kabisa, anga yote itaingia ndani yake.

5. Kaa pembeni. Dereva anayekwenda magharibi saa hiyo jua liko machoni mwake, hakuoni. Stendi isikae barabarani hata kwa dakika moja.

6. Salimu kwanza. Jioni mgema hupanda mnazi, na kivuli chake kule juu ni picha ya ajabu. Ni mtu kazini, muombe ruhusa kabla hajapanda. Vivyo hivyo kwa boma na shamba la mtu. Misitu ya kaya ni mahali patakatifu pa Wamijikenda. Usiingie bila idhini ya wazee.

7. Usifunge mkoba jua likishazama. Una kama dakika 20 kabla giza halijaingia, na mara nyingi mawingu hushika wekundu wakati huo kutokea chini. Punguza kasi ya shata ili mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, tumia kihesabu cha sekunde mbili (self-timer) ili usiitikise kamera kwa kidole.

Lenzi usibadilishe kwenye vumbi. Ukifika nyumbani, puliza vumbi kwa kipulizio kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa. Ukianza na kitambaa, mchanga utachora kioo.