Ukishuku maji ya shamba lako Maine, bisha mlango upi?

Ndugu zangu mnaokodi mashamba huku Maine, Marekani, mpande lengalenga na mahindi, kabla hamjatia sahihi mwulizeni mwenye shamba: hapa paliwahi kumwagwa tope la maji taka? Kwa miaka mingi tope hilo lilitumika kama mbolea, kumbe lilibeba kemikali za PFAS, ambazo haziozi na huweza kupenya hadi kwenye maji. Kule Arundel zilikutwa kwenye maziwa ya ng'ombe wa mfugaji Fred Stone.

Mwenye shamba akikubali, au akisitasita, usikimbilie mahakamani. Anza na Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo, iliyo chini ya gavana. Wao wana kumbukumbu za mashamba yaliyopewa kibali cha tope. Sheria ya 2021 iliweka kikomo cha nanogramu 20 za kemikali sita za PFAS kwa jumla katika lita moja ya maji ya kunywa. Waandikie, simu peke yake haitoshi: barua hubaki na tarehe.

Ila idara hufuata sheria iliyopo. Kuibadili ni kazi ya bunge la jimbo, lililoko Augusta, mji mkuu, na hapo ndipo watu wetu wanajinyima haki yao. Kila muswada husikilizwa hadharani, na si lazima uwe raia ndipo useme. Jiandikishe kwenye tovuti ya bunge. Waweza kwenda mwenyewe au kuongea kwa Zoom. Mara nyingi utapewa dakika 3 tu, kwa hiyo taja jina, mji, kama unaunga mkono au unapinga, kisha ulichokiona kwa macho yako. Mama mmoja niliyemsaidia kuandika alitaka kuanzia vita vya Uvira, kule Kongo. Nilimwomba aanzie kwenye ndoo ya maji anayopikia watoto uji, na wabunge wakamwuliza maswali. Wakulima waliposema, mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku tope hilo mashambani. Gavana akikataa muswada, theluthi mbili ya kila baraza la bunge (bunge lina mawili) inaweza kuupitisha bila yeye.

Mahakama ni ya kudai fidia. Mwaka 2023 mwanasheria mkuu wa jimbo alizishtaki 3M na DuPont, kampuni zilizotengeneza PFAS. Wewe ukitaka kushtaki, una miaka 6 tangu ugundue madhara, kwa hiyo mpelekee wakili majibu ya maabara mapema.