Kupata uzoefu wa wodini kwenye magonjwa ya mapafu Marekani kwa daktari aliyesomea nje

Kabla ya kutafuta hospitali, angalia kama bado una kitambulisho cha uanafunzi. Mwanafunzi wa udaktari aliyekubaliwa kwa elektivu, yaani mzunguko wa hiari, anachukua historia, anapima kifua na kuwasilisha kesi kwa daktari bingwa. Ukishahitimu, mlango huo kwa kawaida unafungwa. Wengi hubaki na obzavashipi: unafuatana na timu, unasikiliza na kuuliza, lakini humgusi mgonjwa wala huandiki kwenye faili lake. Kama umebakiza mwaka mmoja au miwili Muhimbili, Nairobi au Makerere, usisubiri mahafali.

Baadhi ya vyuo vya Marekani hupokea maombi ya elektivu kupitia mfumo wa mtandaoni wa VSLO wa AAMC, yaani jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Kama chuo chako hakimo, tafuta vinavyopokea maombi moja kwa moja, na uanze miezi sita hadi tisa kabla. Vipo vinavyotaka uwe umefaulu USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani. Tangu Januari 2022 mtihani huo hauna alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo uzito umehamia kwenye Step 2 CK (hatua ya pili, ya maarifa ya kitabibu) na barua za mapendekezo. Kwa elektivu isiyo na malipo viza inayotumika ni B-1. Nenda ubalozini na barua ya chuo inayotaja tarehe, idara na kwamba hutalipwa.

Jihadhari na mawakala wanaowauzia wahitimu nafasi za "kushika mgonjwa". Kutibu bila leseni wala kibali ni kosa la jinai, na pesa uliyolipa haikulindi. Kabla ya kulipa uliza: daktari gani atakusimamia na ana leseni ya jimbo hilo? Bima ya makosa ya kitabibu inataja jina lako? Barua itatoka hospitalini au kwa wakala? Wakikuzungusha kwenye swali lolote kati ya hayo, acha.

Nyaraka za afya ndizo huwachelewesha wengi wetu. Utaulizwa ushahidi wa kinga ya surua, rubela, tetekuwanga na homa ya ini B, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Ukiwa ulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila wewe kuwa na maambukizi. Omba kipimo cha damu cha IGRA, maana hakiyumbishwi na BCG. Barakoa ya N95 nayo hupimwa usoni mwako, na ndevu zinazopita kwenye ukingo wake huvujisha hewa ukafeli kipimo.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba timu ya ushauri wa mapafu, inayoitwa na wodi nyingine kutoa maoni, na kliniki ya nje kabla ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. ICU inavutia, lakini mtazamaji hujikuta nyuma ya watu wengi. Kwenye ushauri timu ni ndogo, swali ni moja, na bingwa ana nafasi ya kukuuliza unafikiri nini.

Omba pia kukaa maabara ya upimaji wa mapafu. Kwenye spirometri mgonjwa anajaza hewa hadi mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu mpaka iishe. Yanatakiwa mapulizo matatu yanayokubalika, na mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150, kwa FEV1 (hewa inayotoka sekunde ya kwanza) na kwa FVC (hewa yote inayopulizwa). Yanaharibika mgonjwa akisita mwanzoni, akikohoa ndani ya sekunde ya kwanza au midomo ikivuja. Akikatisha mapema, FVC inashuka, uwiano wa FEV1 kwa FVC unapanda kwa uongo, na COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, inajificha. Angalia umbo la mchoro kwanza, ndipo usome namba.

Maji ya kifua yakitolewa, angalia sindano inavyopita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na neva imelala chini ya ubavu. Kisha piga hesabu ya vigezo vya Light, vinavyotenganisha aina za maji hayo: protini ya maji kwa ya damu zaidi ya 0.5, LDH (kimeng'enya) ya maji kwa ya damu zaidi ya 0.6, au LDH ya maji kupita theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu. Kimoja kikitimia, ni eksudeti, yaani maji yanayotokana na ugonjwa wa pale kifuani, kama maambukizi au saratani. Damu isipochukuliwa karibu na muda huohuo, viwili vya kwanza havihesabiki. Mtazamaji anayekumbusha hilo kwa adabu hukumbukwa.

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani huponza: kila maji ya kifua yenye chembe nyeupe za limfosaiti kuyaita kifua kikuu. Marekani, saratani huwa juu zaidi kwenye orodha. Kitaje kifua kikuu, lakini useme historia ipi inakielekeza. Kazi uliyoifanya kwa mikono yako Kibong'oto au wodi nyingine ya kifua kikuu haihesabiwi kama uzoefu wa Marekani; hata hivyo iandike kwenye maombi kwa undani, ukitaja ulichokifanya mwenyewe.

Daftari lako lisiwe na jina la mgonjwa, namba ya faili wala tarehe ya kuzaliwa. Usipige picha ya eksirei kwa simu, hata iwe nzuri namna gani. Sheria ya HIPAA, inayolinda siri za wagonjwa, haitanii.

Barua iombe wiki ya mwisho, bingwa akiwa bado anakumbuka kesi zako. Mpe wasifu wako na orodha fupi ya kesi ulizojadili naye, bila majina. Kwenye ERAS, mfumo wa kuomba residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini), achia haki ya kuisoma, kwa kuwa barua uliyoiona hutiliwa shaka. Mwandishi ataipandisha mwenyewe. Mwambie wazi kwamba unaomba residensi ya tiba ya ndani, ambayo ni miaka mitatu, na mafunzo ya mapafu na wagonjwa mahututi huja baada yake. Barua inayosifu mapenzi yako kwa bronkoskopi (kuchungulia njia za hewa kwa kamera) pekee haimsaidii mkurugenzi wa residensi anayetaka kujua kama utamudu zamu ya usiku yenye wagonjwa wa moyo, figo na kisukari.